Sura ya Sita: Usajili Wakati wa Pamba

Usajili, kwa maana inayotumika katika soka la Tanzania, ni utaratibu wa kisheria unaomfunga mchezaji na klabu moja kwa muda uliotajwa katika mkataba, na dirisha la usajili ni kipindi ambacho shirikisho la nchi huruhusu majina mapya kuingizwa katika orodha ya klabu hiyo. Shirikisho la soka la dunia, FIFA, huruhusu madirisha mawili kwa mwaka, ambayo kwa jumla hayapaswi kuzidi wiki 16. Nchini Tanzania dirisha kubwa hufunguliwa katikati ya mwaka, ligi inapokuwa imemalizika, na dirisha dogo hufunguliwa kati ya Desemba na Januari. Kalenda hiyo ilipangwa bila kumfikiria mkulima wa Usukuma. Hata hivyo katika Kasoli, kata ya Wilaya ya Bariadi katika mkoa wa Simiyu unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, dirisha kubwa huangukia wakati uleule ambao pamba huvunwa, hupimwa na kuuzwa, na kwa hiyo watu wanaosubiri zamu ya mizani kwenye ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, huwa na saa nyingi za kukaa pamoja na jambo moja kubwa la kuzungumza: nani anakuja, nani anaondoka, na timu itakutana na nani msimu ukianza.

Mazungumzo hayo hudharauliwa na wengi, wakiwamo wasomi, kama porojo za vijiweni zinazokula muda wa vijana. Sura hii inashikilia kinyume chake: kwamba mazungumzo ya usajili ni elimu iliyokusanywa kwa bidii na watu wasio na kadi ya uanachama wala tiketi ya uwanjani, kwamba yamesimama juu ya desturi ya Kisukuma ambayo ni ya zamani kuliko soka lenyewe, na kwamba pengo lake halimo katika wingi wa maneno bali katika orodha moja ambayo hayaigusi, nayo ni orodha ya wachezaji wa Kasoli wenyewe.

Jambo la kwanza linalohitaji maelezo ni kwa nini kata iliyo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam imegawanyika kati ya klabu mbili za Kariakoo, mtaa wa jiji hilo. Young Africans, ambayo kila mtu huiita Yanga, ilianzishwa mwaka 1935, na Simba ilianza mwaka 1936, ikapitia majina ya Queens, Eagles na Sunderland kabla ya kuchukua jina lake la sasa mwaka 1971. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland, na matangazo ya redio ya taifa yaliipeleka ligi hiyo katika vijiji ambavyo havikuwa na umeme wala gazeti, kiasi kwamba mtoto alirithi timu ya baba yake kabla hajawahi kuona jezi yake. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, haujapata kuwa na timu katika Ligi Kuu tangu uanzishwe, wakati mikoa mingine ya Kanda ya Ziwa imepata nafasi hiyo kwa zamu: Shinyanga kwa Stand United na Mwadui, Mwanza kwa Toto African, Mbao, Alliance na Pamba, Mara kwa Biashara United, Geita kwa Geita Gold. Shabiki wa Kasoli, kwa hiyo, hana timu ya nyumbani ya kumvuta upande wowote, na anachokiita nyumbani katika soka ni upande wenyewe, wa kijani na njano au wa nyekundu na nyeupe.

Kugawanyika pande mbili si jambo geni katika nchi ya Wasukuma. Ngoma za Kisukuma zimeandaliwa kwa vizazi vingi chini ya vyama viwili vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, ambavyo simulizi huvitaja kuwa vilitokana na waganga wawili mahiri, Ngika na Gumha, kila mmoja akiwa na dawa zake, wafuasi wake na mtindo wake wa kucheza. Mashindano yao hufanyika baada ya mavuno, kuanzia Juni, wakati chakula kimeshaingia ghalani na mwili umepata nafasi, na utaratibu wake wa kuamua mshindi unastahili kuangaliwa kwa makini: vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na kikundi kinachovuta watazamaji wengi zaidi ndicho kinachoshinda. Mtazamaji katika ngoma ya namna hiyo anahesabiwa, na miguu yake ndiyo kura. Dawa ya kuvuta watu, inayoitwa samba, ilitafutwa kwa nguvu zilezile ambazo mazoezi yalifanywa kwazo, na mtunzi na mwimbaji mkuu, anayeitwa ningi, alikuwa hazina ambayo kikundi kiliilinda kwa wivu. Huko Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliukaribisha ushindani huo katika sherehe ya Bulabo inayoambatana na sikukuu ya Ekaristi, na hadi leo pande hizo mbili hukutana pale.

Anayezijua Bagika na Bagalu hashangai kuona namna watu wa Kasoli wanavyouendesha utani wa Simba na Yanga. Mtani wa jadi, yaani mpinzani wa kudumu ambaye mtu anaruhusiwa kumsema bila kuvunja udugu, ni nafasi iliyokuwapo tayari katika jamii, na soka liliikuta likaikalia. Hata madai kwamba timu fulani imekwenda kwa mganga kabla ya mechi kubwa husikika kwa sauti ya kawaida mahali ambapo ushindani wa jukwaani haukuwahi kutenganishwa na dawa. Lakini urithi mkubwa zaidi ni ile imani kwamba shabiki ni sehemu ya matokeo. Mtu aliyefundishwa na desturi kwamba kuhamia kwake upande mmoja wa uwanja kunaweza kuamua mshindi hawezi kukubali kwa urahisi kwamba usajili ni shughuli ya viongozi wa Dar es Salaam peke yao. Ataujadili kama mwenye mali.

Na anaujadili kwa ujuzi. Tetesi, yaani habari ya usajili ambayo bado haijathibitishwa na klabu, haipokelewi Kasoli kama ilivyo. Hupimwa kwa maswali ambayo wakili wa michezo angeyatambua. Je, mchezaji amebakiza muda gani katika mkataba wake? Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliye katika miezi 6 ya mwisho ya mkataba kuzungumza na kusaini na klabu nyingine, na wazungumzaji wa kijiweni wanaijua kanuni hiyo kwa sababu wameiona ikifanya kazi kwa watu wanaowafahamu kwa majina. Clatous Chama, kiungo kutoka Zambia, aliingia Simba mwaka 2018, akauzwa RS Berkane ya Morocco mwaka 2021, akarejea Simba katika dirisha la Januari 2022, kisha katikati ya mwaka 2024 mkataba wake ulipomalizika akavuka kwenda Yanga akiwa mchezaji huru, bila klabu yake ya zamani kupata senti. Kwa shabiki wa Simba lilikuwa jambo la uchungu, lakini lilikuwa pia somo: mkataba usiposainiwa upya mapema, mapenzi ya mashabiki hayamzuii mtu kuondoka.

Kesi mbili nyingine ziliongeza kina cha elimu hiyo. Ya kwanza ni ya Bernard Morrison wa Ghana, aliyetoka Yanga kwenda Simba mwaka 2020 huku Yanga wakidai kwamba alikuwa ameongeza mkataba nao. Kamati ya TFF, yaani Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, ilimpa haki mchezaji, Yanga wakakata rufaa katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyopo Lausanne, Uswisi, na mwaka 2021 mahakama hiyo nayo ikaamua kwa upande wa Morrison, ambaye mwaka 2022 alirudi Yanga. Ya pili ni ya Feisal Salum, kiungo wa Zanzibar anayefahamika kama Fei Toto, ambaye Desemba 2022 aliirudishia Yanga shilingi milioni 112 akiamini kwamba kwa kufanya hivyo ameuvunja mkataba wake. TFF iliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, mvutano ukaendelea kwa miezi hadi Rais Samia Suluhu Hassan akautaja hadharani na kuwataka viongozi waumalize, na Juni 2023 Yanga wakamuuza kwa Azam. Mpaka kesi hiyo ilipokwisha, watu ambao hawajawahi kushika mkataba wa ajira mkononi walikuwa wanajadili tofauti kati ya kuvunja mkataba kwa sababu ya haki na kuununua kwa kifungu kilichoandikwa ndani yake. Hakuna darasa la sheria lililofika Bariadi na kufundisha hayo kwa umakini kama huo, na ni haki kuliita jambo hilo kwa jina lake, kwamba ni kujielimisha.

Baada ya sheria huja kikosi, na hapa mjadala huwa wa hesabu. Kwa misimu ya karibuni klabu ya Ligi Kuu imeruhusiwa kusajili wachezaji wa kigeni 12, na kwa hiyo kila jina jipya kutoka Kongo, Ivory Coast au Afrika Kusini lina maana ya jina jingine la kigeni kupewa mkono wa kwaheri. Mashabiki hupanga na kupangua: anayebaki ni kiungo mkabaji, yaani yule anayekaa mbele ya mabeki kuvunja mashambulizi, au ni winga wa pili, kipa wa kigeni anastahili nafasi moja kati ya 12 wakati wapo makipa wazawa, anayetolewa kwa mkopo, yaani kuazimwa klabu nyingine huku mkataba wake ukibaki ulipo, atarudi akiwa amekomaa au atasahauliwa. Fiston Mayele, aliyekuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 Yanga ilipofika fainali na kushindwa na USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini, aliondoka mwaka huohuo kwenda Pyramids ya Misri, na swali la nani atajaza nafasi ya mshambuliaji wa kati lilijadiliwa kwa uzito ambao familia huutumia kulijadili shamba lililobaki bila mtu wa kulilima. Jibu lililotoka uwanjani halikuwa lile ambalo wengi walilitarajia, kwa sababu mabao ya msimu uliofuata yaliletwa na kiungo, Stephane Aziz Ki, aliyefunga 21 na kuwa mfungaji bora wa ligi, akifuatiwa na Fei Toto wa Azam aliyefunga 19.

Ratiba ndiyo sehemu ya tatu ya mazungumzo, na ni sehemu inayoonyesha zaidi subira ya shabiki wa mbali. Timu zinazoshiriki mashindano ya Afrika huahirishiwa mechi za ligi, na mechi hizo zilizolala huitwa viporo. Msimamo wa ligi usiohesabu viporo ni msimamo wa uongo, na kila mzungumzaji wa Kasoli ana msimamo wake wa pili kichwani, unaoonyesha pointi zitakavyokuwa viporo vikiliwa. Machi 8, 2025 ratiba yenyewe iligeuka kuwa mgogoro: mechi ya Yanga na Simba iliahirishwa siku ileile ilipopangwa kuchezwa, baada ya Simba kulalamika kwamba walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi na kutangaza kwamba hawatacheza. Ilichezwa hatimaye Juni 25, 2025, ikiwa mechi ya kuamua ubingwa, na Yanga wakashinda 2–0. Katika zile wiki za kusubiri, mjadala haukuhusu mpira uliochezwa bali mpira ambao haujachezwa na pengine usingechezwa, kanuni ya nani apewe pointi na nani aadhibiwe, na hapo mtu aliyeijua kanuni alisikilizwa kuliko mtu mwenye sauti kubwa.

Kumbukumbu nayo huhesabiwa katika ratiba. Mechi ijayo ya watani haiangaliwi peke yake, bali huwekwa katika mstari mmoja na ile ya Juni 1968 ambayo Yanga walishinda 5–0, ile ya Julai 1977 ambayo Simba walishinda 6–0, ile ya Mei 2012 ambayo Simba walishinda 5–0, na ile ya Novemba 5, 2023 ambayo Yanga walishinda 5–1. Watu waliozaliwa baada ya mwaka 2000 huitaja 1977 kana kwamba walikuwapo.

Ulinganisho na Marekani unasaidia kuona kile ambacho mazungumzo ya Kasoli hayana. Huko, mpira wa miguu wa Kimarekani, mchezo unaochezwa zaidi kwa mikono, una wapenzi wengi katika ngazi ya vyuo vikuu, na mashabiki wa chuo hufuatilia wanafunzi wa sekondari wenye umri wa miaka 16 au 17 ambao bado hawajachagua pa kusoma. Wanafunzi hao husaini hati za kujiunga kwa siku maalumu za Desemba na Februari. Kuanzia Oktoba 2018 kumekuwa na mfumo rasmi ambao mchezaji anayetaka kuhama chuo huandikwa humo. Na kuanzia msimu wa 2025, baada ya suluhu ya kesi iliyoidhinishwa na mahakama, kikomo cha zamani cha nafasi 85 za ufadhili wa masomo kiliondolewa na kuwekwa kikomo cha kikosi cha wachezaji 105. Mengi katika mfumo huo yanapingwa na Wamarekani wenyewe, hasa namna fedha zinavyogawanywa. Lakini una jambo moja la kuonewa wivu: mtoto wa mji mdogo wa mashambani huandikwa, hupimwa na kujulikana kwa jina akiwa bado nyumbani kwao, na watu wa mji wake ndio wa kwanza kumjadili.

Tanzania ina mlango unaofanana na huo kwa sura, nao ni michezo ya shule. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari huwakusanya wanafunzi kuanzia ngazi ya shule hadi wilaya, mkoa na hatimaye taifa, ambako Mtwara ilikuwa mwenyeji mwaka 2021 na Tabora mwaka 2022. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hiyo ilisimamishwa na serikali kwa miaka kadhaa, na kizazi kizima cha wanafunzi kilipita shuleni bila kuonekana na mtu yeyote nje ya kijiji chake. Ni hasara ambayo haiwezi kuwekwa katika takwimu, kwa kuwa mchezaji ambaye hakuonekana hana jina la kuhesabiwa. Michezo ilirudi, lakini kasoro ya msingi ilibaki, kwamba kuichezea shule katika UMISSETA hakumfanyi mwanafunzi kuwa mchezaji aliyesajiliwa katika klabu.

Ushahidi kwamba Kanda ya Ziwa ina vipaji hauhitaji kutafutwa mbali. Pamba ya Mwanza, iliyobeba jina la zao lilelile linalopimwa Kasoli, ilitwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1990, ikatoa wachezaji kama George Masatu aliyekwenda Simba na Khalfan Ngassa, baba wa Mrisho Ngassa, winga ambaye baadaye alizichezea Yanga, Azam na Simba. Klabu hiyo ilishuka daraja mwaka 2001 na kukaa nje kwa zaidi ya miaka 20 hadi iliporejea Ligi Kuu msimu wa 2024/25 kwa jina la Pamba Jiji. Kurejea kwake kulipokewa kwa furaha katika vijiji vya pamba, ingawa shabiki wa kawaida hakuacha upande wake wa Kariakoo. Aliiongeza Pamba kama timu ya moyo wa pili.

Kasoli na kata zinazoizunguka zina soka lao pia. Katika Tanzania ya vijijini mashindano ya kuwania mbuzi au ng'ombe huchezwa wakati wa kiangazi, na huko usajili hufanyika kwa namna yake: timu inayotaka kushinda huleta mamluki, yaani wachezaji wa kukodi kutoka mjini au kata nyingine, ambao hucheza, hulipwa na kuondoka. Ubishi juu ya mamluki huwa mkali, na una hoja zilezile zinazotumika kwa wageni 12 wa Ligi Kuu, ila kwa tofauti moja kubwa, kwamba hakuna karatasi. Majina ya waliocheza hubaki katika kumbukumbu za watu, na mara nyingi tarehe zao za kuzaliwa hazimo popote.

Ukosefu wa karatasi hiyo una gharama inayoweza kupigiwa hesabu. Kanuni za FIFA zina malipo mawili kwa klabu zilizomlea mchezaji. Fidia ya mafunzo hulipwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na katika uhamisho wa kimataifa hadi mwisho wa mwaka anaofikisha miaka 23. Mchango wa mshikamano ni asilimia 5 ya ada ya kila uhamisho wa kimataifa katika maisha yote ya mchezaji, ambayo hugawanywa kwa klabu alizosajiliwa kuanzia mwaka anaofikisha miaka 12 hadi ule wa miaka 23: asilimia 0.25 ya ada kwa kila mwaka wa ile minne ya kwanza, na asilimia 0.5 kwa kila mwaka unaofuata. Klabu ya kijiji iliyomsajili mvulana kwa miaka yake minne ya kwanza, ikiwa mvulana huyo siku moja atauzwa nje ya nchi kwa dola 1,000,000, inastahili dola 10,000, kiasi ambacho kwa bei yoyote ya pamba ni mavuno ya mashamba mengi. Mbwana Samatta aliuzwa na Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, Mazembe wakamuuza Genk ya Ubelgiji Januari 2016, Genk wakamuuza Aston Villa ya Uingereza Januari 2020. Kila hatua ya safari kama hiyo hugusa klabu zilizoandikwa katika miaka ya utotoni, na huzipita zile ambazo hazikuandikwa.

Tangu Novemba 2022 malipo hayo hupitia chombo maalumu cha FIFA kilichopo Paris, kwa kutegemea pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, ambayo FIFA huitengeneza kwa kukusanya kumbukumbu za usajili kutoka mashirikisho ya nchi. Pasipoti hiyo haisikilizi ushahidi wa wazee wa kijiji wala picha ya timu. Inasoma jina, tarehe ya kuzaliwa, klabu na tarehe za kuanza na kumaliza usajili. Ili jina la mtoto wa Kasoli liwemo, klabu yake inapaswa kuwa imesajiliwa serikalini na kuwa mwanachama wa chama cha soka cha wilaya, na chama hicho kupitia mkoa kiwe kimeliingiza jina katika mfumo wa TFF. Hakuna hatua yoyote kati ya hizo inayohitaji ujuzi mkubwa kuliko ule ambao tayari unaonekana penye foleni ya mizani, ambako watu huweza kutaja tarehe ya mwisho ya mkataba wa kiungo kutoka Burkina Faso. Mvulana wa kata hiyo aliyezaliwa mwaka 2013 alifikisha miaka 12 mwaka 2025, na miaka inayoingia katika pasipoti yake imeshaanza kuhesabiwa, awe ameandikwa au hajaandikwa.